Yule Askari Aliye Chini ya Sanamu

Ukitoka Bomani hapa Bagamoyo ukashuka taratibu kuelekea baharini, utapita sehemu mbili ambazo waongoza wageni hawakai sana. Ya kwanza ni makaburi ya Wajerumani, yapata ishirini, ya watu waliokufa kati ya 1889 na 1894. Mawe yake yana majina. Ya pili ni jiwe la ukumbusho karibu na ufukwe, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wakiwanyonga Waafrika waliopinga utawala wao. Jiwe hilo linaeleza kilichotendeka. Waliotendewa halikuwataja.

Kwa miaka mingi nilipopita hapo niliona jambo hilo moja tu, kwamba wafu wao wana majina na wetu hawana. Ni jambo zito na bado linaniuma. Lakini siku hizi swali jingine hunifuata hadi nyumbani: ile kamba ilifungwa na nani? Wajerumani wa wakati ule walikuwa wachache mno kuishika pwani hii peke yao. Aliyemtoa mtu kitandani usiku, akamsukuma hadi Bomani, akamlinda hadi asubuhi, akamcharaza hamsa wa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, kwa kiboko, mara nyingi alikuwa mtu mweusi mwenye sare. Zamu yake ikiisha alirudi kwa mke na watoto, katika nyumba za udongo zilizolizunguka Boma, akala wali kama tunavyokula sisi.

Ninaandika haya kwa sababu sanaa ya Afrika ya leo imepiga hatua kubwa katika kuukabili ukoloni, nami naifuatilia kwa fahari. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, aliwahi kusimamisha watu mia moja wa mbao zilizochorwa, wote mfano wa watumwa waliohudumu katika majumba ya matajiri wa Ulaya, na kila mmoja akampa jina lake na maneno yake. Kazi hiyo ni ya 2004, na miaka kumi na mitatu baadaye alitunukiwa Tuzo ya Turner ya Uingereza. Sammy Baloji wa Lubumbashi huchukua picha za wafanyakazi wa migodi zilizopigwa na Wabelgiji, akazibandika juu ya picha za migodi hiyohiyo ilivyo leo, magofu matupu, hata ukaona wale watu wamesimama katika nchi waliyoichimba wao na faida ikaliwa na wengine. Kazi hizi zimemsimamisha Mzungu mbele ya kioo, na alistahili kusimamishwa.

Kwetu pwani, hata hivyo, imebaki kazi ambayo Mzungu hawezi kutufanyia wala kutuagiza. Ni kumtazama usoni askari, na akida, na mpagazi: watu wetu waliokuwa mikono, masikio na mabega ya ukoloni. Msanii wa Bagamoyo, Pangani au Tanga asipowatazama hawa, atakuwa amechora ukoloni nusu.

Kuna sanamu moja inayoonyesha vizuri ninachokisema. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa mwaka 1889 kuuzima upinzani wa pwani. Ni yeye aliyeishambulia ngome ya Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, karibu na Bagamoyo mwezi Mei mwaka ule, na Desemba 15 Bushiri akanyongwa Pangani. Katika sanamu ile Wissmann yuko juu kabisa, kofia ya jua kichwani. Chini yake amesimama askari Mwafrika anamtazama bwana wake, na kwa mikono yake anaishusha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyelala.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam katika Vita Kuu ya Kwanza waliing'oa. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wakaifunga kamba wakaiangusha, kisha ikafichwa stoo. Mwaka 2004 msanii wa Hamburg, HM Jokinen, aliiomba akaisimamisha tena bandarini kwa zaidi ya mwaka mmoja, watu wakaitwa kutoa maoni yao kupitia intaneti: tufanye nini na kitu hiki? Naiheshimu kazi ile kwa sababu haikukimbilia kuvunja wala kusafisha. Ilikiacha kitu chenyewe kiseme, watu wakabishana mbele yake.

Lakini mabishano yale yalikuwa ya Wajerumani kuhusu Mjerumani. Mimi nikiitazama picha ya sanamu ile, jicho langu linashuka chini. Yule anayeinua uso ni nani? Sare kavaa, bunduki anayo, bendera ameishika yeye. Wissmann alipokuja pwani alikuja na mamia ya Wasudani waliosajiliwa Cairo, na wengine kutoka pwani ya Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengi wengine. Walioa huku, walizaa huku, wengine wamezikwa huku. Simba anayefunikwa na bendera ni nchi hii, na anayefunika ni babu wa mtu fulani.

Mjukuu wake huenda anaendesha bodaboda stendi.

Najua kuna watakaosema kwamba kumleta askari katikati ni kumpunguzia mkoloni mzigo. Nimeisikia hoja hiyo na siidharau, kwa sababu wapo watu Ulaya wanaopenda sana kusikia kwamba "hata nyinyi mlishiriki". Lakini mtu akikutumia kumpiga ndugu yako hatoki katika hatia kwa kuwa mkono ulikuwa wako. Anaingia ndani zaidi. Na kumnyamazia askari hakujawahi kutulinda na lolote. Kumetuachia nyumba ambamo jina la babu mmoja hutajwa kwa sauti ya chini, na watoto hawajui kwa nini.

Tena askari hakuwa sura moja. Aliingia kwa mshahara, kwa bunduki, kwa tamaa ya kuwa mkubwa mwenye mji wake na wafuasi wake, na wengine kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Chukua habari ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyekuja kujulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake askari. Vita Kuu ilipoanza alikuwa na miaka kumi, akaingia vitani pamoja na baba yake upande wa Wajerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin na kwenda kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikuwahi kulipwa. Wakamkatalia. Akakaa hukohuko, akawa mhudumu wa mgahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu za Kijerumani za kusifu makoloni. Mwaka 1941 serikali ya Kinazi ilimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Mbele ya nyumba aliyoishi Berlin kuna kibamba kidogo cha shaba kimepachikwa njiani tangu 2007, chenye jina lake.

Utamwita nani mtu huyu? Mtumishi wa mkoloni? Mhanga wake? Mdai wake? Nikilitaja jina lake barazani kwetu watu huuliza alikuwa mtu wa wapi. Hapa Bagamoyo tunaye Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa huko mwaka 1903. Alioa Mjerumani. Alipotaka kurudi kwao na mkewe, watawala wa koloni hawakukubali, akarudi Berlin na kufia huko mwaka 1927. Maisha kama haya mawili yanatosha kulisha tamthilia na michoro kwa miaka kumi, na kijana wa chuo cha sanaa cha hapa, TaSUBa, anayaweza bila kusubiri viza.

Akida naye tusimsahau, kwa sababu huyu hakutoka Sudan. Wajerumani walipoingia bara waliwachukua watu wa pwani, wenye Kiswahili chao na kusoma kwao, wakawafanya maakida: wakusanye kodi, wasimamie mashamba ya pamba, wapeleke watu kazini kwa nguvu. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, akida alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutafutwa. Sisi watu wa mwambao hupenda kujieleza kama waungwana waliopokea meli. Wamatumbi, ambao vita hivyo vilianzia kwao, wangekuwa na maelezo mengine.

Na mpagazi? Kwa mji huu ilipaswa awe wa kwanza kuchorwa. Safari ya kutoka Ujiji hadi hapa ni kama kilomita 1,200, mpagazi kabeba frasila mbili, kama kilo thelathini na mbili, kichwani au begani, na akifika ndipo anatua. Wengi husema jina la Bagamoyo limetokana na kubwaga moyo, na watu hawaachi kubishana kama moyo huo ulibwagwa kwa raha au kwa kukata tamaa. Vita Kuu ilipofika, Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Kariakoo ya Dar es Salaam, pale tunaponunua viatu na vitenge, imepata jina kutokana na jeshi lao, Carrier Corps. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa zaidi kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ile Sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam tangu 1927, bunduki mkononi, haina jina la mtu hata mmoja. Daladala zinaizunguka kutwa.

William Kentridge wa Afrika Kusini aliwafanyia wapagazi hao kazi kubwa mwaka 2018, London: jukwaa refu, ngoma, waimbaji, na vivuli vya watu waliobeba mizigo vikitembea ukutani. Nimeona vipande vyake kwenye simu tu, na hata hivyo nywele zilinisimama. Jina la kazi hiyo limetokana na methali ya Ghana isemayo kuwa kichwa na mzigo ndio taabu ya shingo. Baadaye nikajiuliza ni lini vivuli vile vitatembea katika ukuta wa Boma la Bagamoyo, waliposhika njia wenyewe.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna dhana inayosambaa kwamba sanaa ya kuukabili ukoloni ni kitu kipya, kilichoanzia katika maonyesho ya Ulaya. Pwani hii ilimjibu Mjerumani moshi wa mizinga ukiwa bado hewani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeishi upande wa Tanga, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1307 Hijria, yaani 1889 au 1890. Mambo aliyoyatungia hayakuwa na umri hata wa miaka miwili. Alitumia bahari ileile ya tenzi za vita vya Mtume, vina vilevile ambavyo wanawake na watoto walivijua kwa kusikiliza usiku, akawatia humo Wadachi, manowari, Bushiri na watu wa Pangani. Hakuhitaji kuazima chombo cha kigeni. Alikuwa nacho nyumbani, akakiongezea mzigo mpya. Wakati huohuo wapo malenga wa pwani waliotunga mashairi ya kuwasifu Wajerumani, nayo yalihifadhiwa na Wajerumani wenyewe. Ukisoma upande mmoja bila wa pili, hujausikia mji.

Kisha kuna beni. Sijui ngoma nyingine iliyoutafuna ukoloni kama hii. Ilianzia pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu, ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam, na vitani askari na wapagazi wakaisambaza hadi Nyasa. Walichukua gwaride la Mzungu, tarumbeta, sare na vyeo vyake, wakavifanya mchezo wao. Mji uligawanyika, Marini upande huu na Arinoti upande ule, kila chama na wakubwa wake wenye vyeo vya kizungu, na kushindana kulifika hadi kwenye kuuguzana na kuzikana. Wazungu waliokuwa wakitazama hawakujua kama wanaigwa kwa sifa au wanasutwa, na nadhani hata wachezaji hawakutaka kuchagua. Mtu aliyeamrishwa kutwa nzima "kushoto, kulia" alirudi jioni akaamrisha mwenyewe, kwa furaha, mbele ya mkewe. Ukiniuliza sanaa ipi ya Afrika imemweleza askari kuliko zote, nitakwambia ni ile aliyoicheza yeye mwenyewe.

Ndiyo maana naona uchungu ninapowaona vijana wetu wenye vipaji wakisubiri barua ya mwaliko kutoka nje ndipo waanze kuufikiria ukoloni. Mwaliko huja na nauli, nami sikatai nauli. Msanii hali hewa. Lakini huja pia na swali lililokwisha kupangwa. Waandaaji wanataka kazi juu ya fuvu, kinyago kilichoibiwa, msamaha. Ni maswali ya haki, na familia za Songea na Uchagani zinazosubiri mifupa ya wazee wao zina haki ya kuyauliza hadi zichoke. Lakini akida hayumo katika maswali hayo. Hamsa wa ishirini ya nyapara haimo. Kazi ikimalizika inaonyeshwa huko, inahifadhiwa huko, na mama aliyekuja kutoa habari za baba yake haioni.

Wapo waliopinda njia hiyo kwa manufaa yao. Huko Lusanga, Kongo, palipoitwa zamani Leverville kwa sababu ya mashamba ya michikichi ya kampuni ya Lever, wafanyakazi wa mashamba wameunda kikundi cha wasanii kiitwacho CATPC. Wanachonga kwa udongo, kisha sanamu hizo hutolewa upya kwa kakao na mafuta ya mawese, zinauzwa miji ya mbali, na fedha inanunua ardhi ileile waliyonyang'anywa babu zao, ambayo wanaipanda upya chakula na miti. Mwaka 2024 kazi zao zilipokuwa Venice, sanamu iliyochongwa na Wapende, watu wa sehemu hizo, mwaka 1931, ya ofisa wa Kibelgiji Maximilien Balot aliyeuawa katika uasi wao, ililetwa Lusanga kwa mkopo kutoka jumba la makumbusho la Marekani. Wale wazee walimchonga adui yao ili kuitawala roho yake, na wajukuu wakadai aje nyumbani watazamane. Nikiwaza mashamba ya mkonge kati ya Pangani na Korogwe, na manamba walioletwa kuyakata, naona kamba, nyuzi, magunia, malighafi tele inayongoja mtu wa kuisemesha.

Mwaka jana nilimwuliza kijana mmoja mchonga vinyago, mwenye kibanda njia ya ufukweni, kwa nini hachongi chochote cha pale kwenye jiwe la kunyongea.

"Shikamoo mwalimu," alisema kwanza, maana nilikuwa nimeanza na swali kabla ya salamu. Kisha akasema, "Wageni wananunua simba na Mmasai. Aliyenyongwa nimuuzie nani?"

Sikuwa na jibu. Baada ya miezi kadhaa nilipita tena, akanitolea kitu kilichoviringishwa kwenye gunia chini ya benchi. Ni askari, urefu wa mkono mmoja, wa mti wa mkongo, kofia yenye kitambaa cha nyuma, mkanda wa risasi. Miguu ilikuwa mitupu. Alisema mama yake alipoiona alimwuliza buti ziko wapi, naye akajibu hakujua kama walikuwa nazo. Basi wakaanza kuulizana, yeye, mama, na majirani wa pande zote mbili, hadi shangazi mmoja aliyekuja kutoka Kaole kwa ajili ya arusi. Hapo ndipo kijana alipojua, kwa mara ya kwanza katika umri wake wa miaka ishirini na tisa, kwamba babu wa mama yake alikuwa askari wa Boma.

Shangazi alisema buti alikuwa nazo. Akirudi jioni alizivua nje, chini ya mwembe, kwa sababu mkewe hakutaka zivuke kizingiti.

Kijana amechonga buti hizo kando, jozi moja, kila moja kama kidole gumba. Bado hajaamua aziweke wapi.